Malisho ya Chini ya Maji

Niliposema kwa mara ya kwanza mbele ya ukoo wetu kwamba chini ya bahari kuna malisho, baba yangu mdogo alicheka mpaka mbege, pombe yetu ya ndizi, ikampalia. Ilikuwa Krismasi, kwetu Uru, mlimani juu ya Moshi, nami nilikuwa nimerudi kwa treni baada ya mwaka wangu wa kwanza wa kazi pwani. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, kata ya mbege inazunguka, na wazee walikuwa wamenitaka niwasimulie hicho ninachofanya huko kwa Waswahili.

"Malisho?" baba mdogo akauliza alipopata pumzi. "Na ng'ombe wako wapi?"

"Hakuna ng'ombe," nikamwambia. "Kuna samaki wanaokula majani. Kuna kasa. Kuna na mnyama anaitwa nguva, mkubwa kuliko ndama, naye ananyonyesha mtoto wake."

"Ananyonyesha! Majini!"

Wakacheka wote, na kaka yangu mkubwa akacheka kwa sauti ya chini kama ilivyokuwa desturi yake, akiangalia pembeni. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa mtu wa maswali machache, na aliyokuwa nayo aliyauliza taratibu, kwa Kichaga cha wazee ambacho sisi vijana wa shule tulianza kukisahau.

"Hayo majani," akasema, "nani aliyapanda?"

"Hakuna aliyeyapanda, baba. Yameota yenyewe."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Serikali imeyawekea alama pande zote. Mtu haruhusiwi kuvua ndani."

Baba akafikiri. "Serikali haikai majini," akasema. "Alama zisizo na mtu wa kuzilinda ni kuni tu."

Kwetu tulikuwa watoto wa kiume watatu, mimi wa katikati. Kwa mila yetu mtoto wa kwanza hukatiwa shamba lake mapema, na wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati hutegemea huruma ya baba yake na upana wa ardhi. Baba alikuwa na huruma, na ardhi ilikuwepo kidogo. Kabla sijaondoka kwenda pwani alinipeleka kwenye kipande cha chini cha kihamba, shamba letu la ukoo, kando ya mfereji unaoleta maji kutoka msituni, akaita baba mdogo na majirani wawili, akapanda masale kuonyesha mpaka. Kwa mgeni sale ni mmea tu wenye majani marefu ya kijani. Kwetu ni mpaka, na ni ushahidi, na anayeling'oa anajua anachokifanya.

"Hapa ni pa huyu," baba akasema. "Akirudi, atajenga."

Nilikuwa nimeshapanda kahawa pale. Miche niliitoa kitaluni kwa mapadri na kuibeba kichwani mwenyewe, safari baada ya safari, kwenye ule mlima unaoteleza wakati wa masika. Nilimwomba kaka aipalilie na kuichuma nikiwa mbali, naye ale mavuno kwa jasho lake. Akasema, "Wewe nenda. Mimi nipo."

Kazi ya pwani niliipata kwa njia ambayo mpaka leo sijui kama niishukuru. Baada ya shule ya misheni nilikuwa nikijifunza uchoraji wa ramani katika ofisi ya wapimaji mjini Moshi. Siku moja akaja mama mmoja wa Kiingereza, mwembamba, amekauka kwa homa, amepanda huku juu kutafuta hewa ya baridi. Alikuwa mtafiti wa mambo ya baharini. Akaona jinsi nilivyokuwa nimechora majani ya mgomba pembeni mwa karatasi chakavu, kila mshipa mahali pake. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuchongoka kama naogopa maji.

"Sijui," nikamjibu. "Sijawahi kuyaona mengi."

Akacheka. Baada ya muda mfupi nilikuwa kwenye treni ya kuteremka Tanga, na kutoka huko kwa lori mpaka kijiji kimoja cha pwani ambacho sitakitaja.

Niliogopa. Sitaki kusema uongo. Mara ya kwanza kuinama ukingoni mwa mashua nilihisi kama mtu anayechungulia ukingo wa korongo la mto kule kwetu, isipokuwa hili korongo lilikuwa likitikisika. Nahodha wa mashua ya utafiti alikuwa kijana wa rika langu, mwenyeji wa kijiji kile, mrefu, mcheshi, mwenye ulimi mkali. Akanishika mshipi wa suruali kwa nyuma.

"Angalia tu, Mchaga," akasema. "Ukianguka nitakuvua. Nimeshavua vitu vibaya zaidi."

Tulikuwa na sanduku la mbao lisilo na kifuniko, ambalo chini yake limewekwa kioo na kuzibwa kwa lami. Ukilishusha kidogo ndani ya maji, mawimbi yanapotea, na unaona mpaka chini kama unayetazama dirishani. Tulikuwa pia na bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye fundo kwa kila pima moja. Chini ya bildi kuna kishimo, nasi tulikijaza sabuni laini ili ikigusa chini irudi na habari: punje za mchanga, au tope, au kipande cha jani, au isirudi na kitu ila mkwaruzo, na hapo tunajua ni mwamba. Kila mahali tulipotupa bildi nilitia alama kwenye karatasi. Alama zikawa nyingi, zikakaribiana, zikaanza kuonekana kuwa nchi.

Na ilikuwa nchi kweli. Watu wa bara tunadhani bahari ni maji tu, na chini yake labda mchanga, basi. Nilijifunza kwamba chini kuna vitongoji, na kila kitongoji kina wakazi wake. Penye mchanga mweupe palionekana pakavu kama jangwa, lakini ukitulia unaona macho yakichomoza, ni kaa na samaki bapa waliojifukia. Penye matumbawe palikuwa na msongamano kama soko la Moshi siku ya gulio, kila rangi, kila umbo, na chewa mzee amekaa mlangoni mwa pango lake kama mwenye duka. Penye tope, karibu na mikoko, palikuwa na giza na mashimo. Na katikati ya hayo yote, kwenye kina cha mtu mmoja au wawili, palikuwa na yale majani.

Hayakuwa mwani wa kuteleza unaotupwa ufukoni. Yalikuwa majani hasa, yenye mizizi na maua madogo, yakilala upande huu maji yakijaa na upande ule maji yakitoka. Yule mama mtafiti aliyapenda kuliko matumbawe. Siku moja aling'oa shina moja, akanionyesha mizizi iliyosukana kama mkeka.

"Hii inashika tope," akasema. "Na humu ndimo samaki wadogo wanamojificha mpaka wakue. Ukiyang'oa majani haya, tope litaondoka na maji, litalala juu ya matumbawe, na matumbawe yatakufa. Unaelewa?"

Nilielewa upesi kuliko alivyodhani. Mtu wa mlimani hahitaji kuambiwa udongo unakwenda wapi ukikata kilichoushika.

Ndipo serikali, kwa ushauri wake, ikayatenga yale malisho. Tulizungusha maboya, mapipa yaliyopakwa rangi nyekundu na kutiwa nanga ya mawe. Nahodha ndiye aliyeyatupa kwa mikono yake, na nadhani hakuna kazi iliyomgharimu zaidi. Mama yake alikuwa akienda pale siku za bamvua, maji yakikauka, yeye na wanawake wenzake, kutafuta pweza na chaza. Sasa ilikuwa kosa. Bwana mmoja wa serikali alikuja kuhutubia kijiji. Akasema wavumilie miaka michache. Samaki watazaana humo ndani, watajaa, watatoka nje, na wavuvi watapata maradufu. Watu wakamsikiliza wakiwa wamekunja mikono.

Mama yake nahodha, ambaye tangu nilipofika alikuwa akinipikia na kuniita mwanawe, aliniuliza jioni ile, "Mwanangu, wewe unayechora, ni kweli hayo?"

"Ni kweli, mama," nikamwambia. "Samaki watoto wamo mle. Nimewaona kwa macho yangu."

"Basi tutavumilia," akasema.

Na walivumilia. Lazima niliseme hili kwa sababu baadaye wapo waliosema kwamba watu wa pwani hawajui kutunza. Majirani walimnunia nahodha, wengine hawakuitika salamu yake, lakini hakuna aliyevuka maboya. Na samaki walikuwa wakiongezeka. Ilipofika mwaka wa pili, ukiweka sanduku la kioo juu ya majani yale uliona vifaranga vya tasi wakisogea kwa maelfu, kama upepo unaopita juu ya ulezi.

Nilikuwa nimelalia sanduku hilo, uso ndani, wakati simu ya maandishi ya kifo cha baba ilipofika kijijini. Ilikuwa imekawia njiani. Nilipanda lori, nikapanda treni, nikashuka Moshi alfajiri na kupanda Uru kwa miguu, nikakuta kaburi limeshafunikwa kwa majani ya migomba na yameanza kukauka.

Nililia, nikanyolewa, nikakaa na wafiwa kama inavyotakiwa. Siku matanga yalipoanuliwa, niliteremka kwenye kipande changu kuangalia kahawa. Ilikuwa imestawi. Matawi yalikuwa yameinama kwa uzito. Nikatembea nikitafuta mpaka, nikarudi, nikatembea tena, nikidhani nimechanganyikiwa kwa kukosa usingizi. Masale hayakuwepo. Mahali yalipokuwa palikuwa na mashimo yaliyofukiwa, na juu yake mstari wa miche mipya ya kahawa uliotoka moja kwa moja kwenye shamba la kaka na kuingia langu bila kusimama.

Nikamkuta kaka akinoa panga.

"Kaka, masale yako wapi?"

"Masale gani?"

"Aliyoyapanda baba."

Akaendelea kunoa. "Yalikuwa yakizuia safu," akasema. "Kahawa hupandwa kwa safu siku hizi. Bwana shamba alisema."

"Na shamba langu?"

Hapo akainua uso. Sikuona hasira humo, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliona uso wa mtu aliyekwisha kumaliza jambo moyoni zamani.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe una mshahara. Una buti. Mimi nina watoto hawa unaowaona, na hakuna ardhi inayozaliwa. Baba alikupa ili urudi ujenge. Umerudi mara ngapi?"

"Baba alisema ni pa kwangu. Baba mdogo alikuwepo."

"Basi kamwulize baba mdogo."

Nilimpeleka kaka barazani kwa mangi, mtawala wetu. Wale majirani wawili, mmoja alikuwa amekufa na mwingine alihamia Himo kufanya biashara, akaapa kwamba hakumbuki chochote, maana alikuwa akiuziwa ndizi na kaka yangu. Akabaki baba mdogo. Alisimama mbele ya wazee, akavua kofia.

"Masale yalipandwa, kweli," akasema. "Siwezi kumsingizia marehemu ndugu yangu. Lakini aliyapanda kabla kijana huyu hajapata shamba jingine."

"Shamba gani jingine?" mzee mmoja wa baraza akauliza.

"La baharini. Alitusimulia mwenyewe, siku ya Krismasi, mbele ya watu. Lina majani, lina wanyama, wanamwekea na alama pande zote. Serikali imempa akalilinde."

Baraza zima likacheka. Hata karani alicheka. Nilisimama pale na buti zangu, nikawangoja wamalize, nikijua kwamba wakimaliza nitakuwa nimeshashindwa, kwa sababu mtu aliyechekwa na watu wengi kiasi kile hawezi tena kupewa haki. Haki yake ingewaharibia furaha. Baba mdogo hakuwa amesema kwa mzaha tu. Aliponigeukia macho yake yalikuwa makavu.

"Kijana ana mahali pa kula," akasema. "Kaka yake hana pengine. Mimi nasema hivyo tu."

Wazee waliamua kwamba ardhi ibaki kwa anayeilima. Kama mimi nataka kurudi kulima, nitafutiwe kipande kule chini porini, kwenye tambarare, ambako mvua ni za kubahatisha na mbu ni wengi, na ambako watu wa kwetu walikwenda kulima mahindi na kurudi kulala nyumbani, si kujenga.

Mama alikuwa amesimama nje na wanawake wengine. Mwanamke hakuwa na neno katika baraza. Nilipotoka alinishika mkono.

"Nyote mmetoka katika tumbo moja," akasema. "Usiniambie nichague, mwanangu."

"Sijakuambia, mama."

"Lakini unaniangalia kama mtu anayeniambia."

Nilirudi pwani kwa sababu sikuwa na pengine. Nikafanya kazi kwa bidii ya mtu mwenye uchungu, ambayo ni bidii kubwa. Ramani ya chini ya bahari ikakamilika: mchanga nimeutia nukta, tope nimelitia mistari ya kulala, matumbawe nimeyatia vijiduara, na malisho nimeyatia rangi ya kijani kibichi niliyoichanganya mwenyewe. Nilipomaliza niliitundika ukutani nikaitazama, na nakumbuka nilijiambia kwamba hapa walau pana mpaka ambao hakuna ndugu wa kuung'oa. Yule mama mtafiti alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Muda wake ulikuwa umekwisha, wakubwa wake walikuwa wakimwita kwao. Aliniandikia sifa nzuri za kuonyesha kwa mwajiri mwingine, akaniambia nisiache kuchora, akaondoka. Kituo kikafungwa milango. Nahodha akabaki na funguo.

Mjini Moshi, ile ofisi ya wapimaji ilinipokea tena. Nilipanga chumba kwa familia moja ya Kiislamu karibu na soko. Baba mwenye nyumba alikuwa fundi cherehani, asili yake imechanganyika pwani na bara kiasi kwamba hata yeye alichoka kuieleza, na walinikalisha vizuri. Siku za gulio mama yangu alikuwa akiteremka kutoka Uru na wenzake kuuza ndizi, akiniletea mkungu. Nilijua umetoka katika kihamba kile. Niliukubali, nikala. Ndizi zilikuwa nzuri, na kila tonge liliniumiza.

Ilikuwa katika ofisi hiyo ndipo siku moja Bwana mkubwa wetu alipoweka juu ya meza yangu ramani ya kunakiliwa. Ofisi ya Tanga ilikuwa na kazi nyingi, akasema, wametuomba msaada. Nikaikunjua. Niliijua kabla haijafika nusu, kwa ile rangi ya kijani.

Alikuwepo mgeni, mhandisi wa Kiingereza mwenye kaptula, amekuja na ramani ile mwenyewe. Akachukua penseli nyekundu, akaonyesha kwa wepesi: hapa patachimbwa mfereji wa kupitishia meli za kubeba mkonge, kutoka mlango wa bahari mpaka gati litakalojengwa karibu na mikoko. Nikaifuata penseli yake kwa macho. Ilipita katikati ya malisho, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Samahani, Bwana," nikasema. "Hapa pametengwa. Pana majani. Samaki wanakulia humu."

"Najua," akasema, kwa upole kabisa. "Ramani inaonyesha vizuri. Kila mahali pengine ni mwamba. Hapa chini ni tope na majani, panachimbika kwa urahisi. Ramani hii imetuokolea kazi kubwa."

Sikumwelewa papo hapo. Au nilimwelewa, na akili ikakataa kukaa na maneno yale. Nikamwambia tena, kwa kirefu, juu ya mizizi na tope na matumbawe, jinsi yule mama alivyonifundisha. Nikamwambia watu wa kijiji waliahidiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Bwana wetu, akamwambia kitu kwa Kiingereza cha haraka, wakatabasamu wote wawili. Kisha Bwana wetu akaniambia, "Wewe kazi yako ni kunakili."

"Mstari huu siuchori," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimepaona."

Akanitazama kama anayetazama saa iliyosimama. Nikafuta kalamu, nikaiweka, nikatoka. Mstari ulichorwa na mwenzangu wa meza ya pili, kijana mwema tu kutoka Mwika, mwenye mke na mtoto mchanga, na kabla ya chakula cha mchana ulikuwa umekauka. Simlaumu. Nilipata kazi ghalani, kupanga magunia ya kahawa ya watu. Gunia la kahawa halina jina la aliyeipanda likishafika ghalani, hilo lilikuwa na nafuu yake.

Nilikuwa ghalani mwaka wa pili au wa tatu baba mdogo alipokuja kunitafuta, amevaa koti la kanisani. Mkononi alikuwa na jani la sale, limefungwa fundo. Mtoto wa kwanza wa kaka alikuwa akioa, na harusi haiwezi kuwa harusi ikiwa baba mdogo wa bwana harusi, ndiye mimi, amekaa mjini amenuna. Kaka alikuwa ameniletea sale. Kwetu, ukiletewa sale, hata kama aliyelituma amemwaga damu ya ndugu yako, husemi hapana. Wazee walilifanya liwe na nguvu hivyo ili ugomvi usile koo nzima.

"Shikamoo, baba," nikamsalimu.

"Marahaba." Akaninyooshea jani.

Nikalitazama bila kulipokea. "Na shamba?" nikauliza.

"Sale haliombi shamba," akasema. "Linaomba msamaha."

Nikalipokea. Ningefanya nini? Nilikwenda harusini, nikakaa mahali pangu, nikapewa sehemu yangu ya nyama, nikasema maneno yanayotakiwa kusemwa na baba mdogo wa bwana harusi. Kaka alinikumbatia mbele ya watu wote, na watu wakapiga vigelegele. Alikuwa akilia kweli, yule mtu. Nadhani alifarijika sana.

Baada ya hapo ndipo nahodha alipokuja. Aliteremka kwenye treni na kikapu kimoja, akauliza mjini mpaka akaelekezwa ghalani. Alikuwa amekonda. Tulikaa juu ya magunia.

"Wamechimba," akasema.

"Najua. Niliona ramani."

"Waliona samaki wengi, wakasema bahari haina shida. Basi wakaleta meli yenye makoleo. Mwezi mzima, Mchaga, maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Majani yalitupwa ufukoni, marundo kwa marundo, yakaoza, watu wakawa wanatembea wamefunika pua. Na matumbawe yamelaliwa na tope. Na meli za mkonge unajua zimekuja ngapi?"

"Ngapi?"

"Mbili. Kisha mfereji ukajifukia. Mchanga ulirudi wenyewe. Sasa meli haipiti, na samaki hawapo."

Wapagazi wakapita wakiimba na magunia mabegani.

"Mama anasema nikuulize jambo," akasema bila kunitazama. "Anasema, yule mwanangu aliyechora, alijua?"

"Mwambie nilichora nilichokiona. Mwambie niliwakatalia mstari."

"Nitamwambia." Akafikicha macho. "Haitamsaidia kitu, lakini nitamwambia."

Jumapili akaomba nimpeleke kuona huko kwetu nilikokuwa nikimsimulia tulipokuwa mashuani. Tukapanda Uru. Alishangaa migomba, alishangaa baridi, alishangaa maji yanayokimbia kwenye mifereji kila mahali bila mtu kuyateka. Tukafika kwa kaka. Kaka alitupokea kwa heshima zote. Akaambiwa mgeni ni Mwislamu, hanywi mbege, basi akatoa kuku ili mgeni amchinje mwenyewe, akaleta ndizi na maziwa. Alikuwa mkarimu, hilo sijawahi kumnyima. Tulipokuwa tukirudi, njia ilipita kando ya mfereji, na nahodha akasimama mbele ya kahawa iliyokuwa imeiva nyekundu kutoka chini mpaka juu.

"Hii ni nzuri sana," akasema. "Ya nani?"

"Ya kaka yangu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa kusifu, tukaendelea kuteremka.

Hakurudi kwao. Nilimtafutia nafasi ghalani, akabeba magunia nami, mtu aliyekuwa akijua kila mwamba na kila mkondo wa pwani yake, na watoto wa mjini walimcheka alivyotembea amepanua miguu kama sakafu inatikisika. Alioa Moshi, kwa watu wa yule fundi cherehani. Mama yake alipofariki aliomba ruhusa, akaenda kuzika, akawa amerudi kabla wiki haijaisha.

Nilimpa pole, nikamngoja siku chache ziishe, kisha nikamwuliza kama alipata nafasi ya kutoka na mashua kidogo, akaangalie pale palipokuwa na malisho.

"Nikaangalie nini?" akasema, akainama kuufunga mdomo wa gunia.